Tupeane uzoefu: wimbo ni mtamu ndani ya programu, ukitoa faili sauti inabadilika

Fundi wa Mbagala
Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa sisi tunaorekodi na kumiksi chumbani. Kuna vijana wameimba vizuri, biti imekaa, halafu kazi inaharibikia pale pale mwisho, kwenye kutoa faili (export). Inaniuma, maana hatua hiyo haidai pesa, inadai umakini. Kila mmoja aeleze alichokutana nacho na alivyotatua.

Naanza. Mteja aliniletea wimbo uliotengenezwa kwingine, analalamika kwamba sauti yake imekuwa nzito na anaimba kama mgonjwa. Nilipofungua mafaili nikakuta vokali zimerekodiwa kwa 48 kHz (sampuli 48,000 za sauti kila sekunde), lakini programu ilizisoma kama 44.1. Ikitokea hivyo, sauti inashuka kama nusu toni moja na nusu, na dakika 3 zinarefuka kwa sekunde 16 hivi. Nilizibadilisha kwanza ziwe 44.1 kihalali, ndipo nikazipanga juu ya biti, na sauti yake ikarudi. Tangu hapo, kabla maiki haijawashwa nauliza: wimbo una video? Kama ipo, tunaanza na 48 na kumaliza na 48. Kama ni wa kusikiliza tu, 44.1 inatosha kabisa.

Singeli Damu
Mkuu, mimi nazungumzia ukubwa wa sauti. Huku kwetu kila msanii anataka wimbo wake upige kuliko wa jirani, kwa hiyo limita, ile inayozuia vilele vya sauti, inakandamizwa hadi kiki (ngoma nzito ya chini) inakuwa bapa. Msanii wangu alipotaka hivyo nilimtolea matoleo mawili, moja likiwa kwenye -7 LUFS hivi (kipimo cha ukubwa wa sauti, namba ikikaribia sifuri sauti ni kubwa zaidi) na lingine -11. Kisha nikashusha lile kubwa mpaka yakalingana masikioni, nikamwambia achague bila kuangalia skrini. Alichagua la -11, kwa sababu kiki bado ilikuwa na ile ncha ya mwanzo inayogonga kifuani. Spotify kwa kawaida inasawazisha nyimbo kwenye -14 LUFS, na YouTube nayo inashusha zilizozidi. Unaua ngoma yako halafu inashushwa vile vile.

DJ wa Vigodoro
Nakupinga kidogo, kaka. Mimi napiga kutoka kwenye fleshi, na hakuna anayenisawazishia. Wimbo mpole ukifuata mkali, watu wanakaa chini. Tutoleeni toleo la mtandaoni na toleo la DJ, lakini hilo la DJ lisikwaruze.

Bi Kinanda, Mombasa
Asanteni kwa uzi huu, nimeungoja sana. Mimi hurekodi vikundi vya kaswida, na hapo riva, ule mwangwi wa ukumbini, ndiyo roho ya kazi. Kikundi kimoja kililetewa kazi yao ikiwa imekatwa mwishoni: dufu la mwisho lapigwa, sauti zaanza kutua, mara kimya, kama mlango uliobamizwa. Mradi wenyewe ulikuwa sawa, ila programu iliambiwa ikome pale baa ya mwisho inapoisha. Kwenye FL Studio tafuteni sehemu ya mkia katika dirisha la kutolea faili, muchague kuacha mabaki, msiyakate. Programu nyingine hazina hiyo, basi vuteni eneo la kutoa lipite baa ya mwisho kwa sekunde kadhaa.

La pili, nalisema kwa msisitizo: faili likishatoka, lisikilizwe lote, tangu mwanzo hadi mwisho, nje ya programu, kwa hedifoni. Plagini nyingine (programu ndogo za kuongeza ala au madoido) hukorofisha faili likitolewa kwa kasi, unasikia mkwaruzo katikati ya ubeti ambao haukuwako. Dawa yake ni kutoa kwa mwendo wa kawaida wa wimbo, au kugeuza ile traki iwe audio kwanza.

Mtu wa Sabufa
Besi ya 50 Hz kwenye sabufa inatikisa dirisha, kwenye simu haipo. Na wasikilizaji wetu wengi wako kwenye simu. Naongeza saturesheni kidogo, yaani kuichafua sauti kidogo tu, ili besi izae sauti za 100 na 150 Hz, sikio linajazia lenyewe. Pia kabla ya kutoa nabonyeza mono, yaani kushoto na kulia vinakuwa sauti moja. Vokali za nyuma zilizotanuliwa kupita kiasi zikipotea hapo, zitapotea pia kwenye spika moja ya dukani.

Kijana Mpya
Shikamooni wakubwa. Nikipeleka kwa mtu wa masta (anayeumalizia wimbo baada ya miksi), nitoe MP3 ya 320 au WAV?

Fundi wa Mbagala
Marahaba mdogo wangu. WAV, faili lisilobanwa, tena ya biti 24 (bit za kompyuta, si biti ya ngoma). Ondoa limita kwenye chaneli ya masta, vilele viishie kati ya -6 na -3 dB, mwachie mwenzio nafasi ya kufanya kazi. Wimbo wa dakika 4 utakuwa kama MB 63, wakati MP3 ya 320 haifiki hata 10, na tofauti hiyo ndiyo anayoihitaji. Ukituma kwa WhatsApp, utume kama dokumenti. Akikurudishia kazi na wewe unataka MP3, itoe kwenye WAV ya mwisho, usigeuze MP3 kuwa MP3 nyingine, kila mgeuzo unakula matoazi na zile "s" za vokali. Na kilele cha WAV hiyo kiishie -1 dB, kwa sababu kubana MP3 huwa kunapandisha vilele, na kilichokuwa sifuri kinaanza kukwaruza. Biti 16 ni za CD au pale unapoombwa. Ukishuka kutoka 24 washa ditha (kelele ndogo sana inayoficha makosa ya kupunguza biti), mara moja tu, mwisho kabisa.

Kijana Mpya
Nimeelewa mkuu. Natoa upya usiku huu, nitauweka hapa muusikilize.