Mrejesho: tulivyowakumbuka wa MV Spice Islander

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mwezi uliopita niliuliza: sisi wanafunzi wa kidato cha nne hapa Tanga tuwakumbukeje waliozama na meli ya MV Spice Islander, ilhali darasani yupo mwenzetu aliyempoteza mama yake humo? Wengi mlinijibu, muulizeni yeye kwanza.

Tulimuuliza. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Msisome majina. La mama niacheni nilitaje mwenyewe."

Basi tarehe 10 Septemba, baada ya alfajiri, tukashuka ufukweni Raskazone. Meli ile ilitoka Unguja kwenda Pemba usiku, mwaka 2011, imejaa kupita kiasi, ikazama mkondo wa Nungwi. Zaidi ya watu 200 walikufa, na wengine hawakuonekana kabisa. Na huku kwetu, wangapi hawana ndugu Pemba? Tulikuwa wachanga, lakini msiba huu tumekua nao majumbani.

Ustadhi aliomba dua, wenzetu Wakristo nao wakasali. Mwenzetu alikuja na kanga ya mama yake, imekunjwa vilevile alivyoiacha, pindo bado halijashonwa. Akaikumbatia, akataja jina mara moja, kwa sauti. Tulilia wote, hata wale wavulana wa nyuma. Hakuna aliyepiga picha. Hilo pia mlitushauri, ahsanteni sana.

Bibi yake, ambaye miaka yote hii hataki hata kuitazama bahari, ameomba mwakani tumpitie nyumbani twende naye.