Mjomba anaamka mara tano

Kundi: UKOO WA BIBI 🐟 (Ujiji, Gungu, Kasulu na popote mlipo)

*Ijumaa*

Mama Zai: Mwakeye wote humu. jamani naomba mnisaidie kuongea na mjomba wenu maana mimi nikiongea naambiwa kelele. sasa hivi mbalamwezi hawaendi ziwani kwahiyo wiki nzima analala nyumbani ndio nimeona kwa macho yangu, anaamka usiku mara tano kwenda kukojoa, akirudi anapiga kata mbili za maji, analala, anaamka tena, mi mwenyewe silali

Juma Boda: 😂😂 mjomba kibofu kimezeeka

Mjomba Hamisi: Mama Zai mambo ya chumbani unayaleta kwenye group

Mama Zai: Choo kiko nje baba Zai, hayo siyo ya chumbani

Mama Mkubwa: Na mimi niseme maana nilikuwa nimenyamaza. Hamisi nilimuona juzi Kibirizi kwenye dagaa, ile suruali ameifunga kamba. Kamba jamani. Na watu wa pale wameshaanza maneno yao, eti amekanyaga miwaya, ana ukimwi. Mi najua mdogo wangu kuna jicho la mtu, toka anunue ule mtumbwi wa pili hajakaa sawa

Mjomba Hamisi: Dada nilipima ngoma mwezi wa juzi niko safi wasikuumize kichwa. Nimepungua sababu ya kazi

Juma Boda: Kazi gani mjomba na wiki nzima uko kitandani

Nuru: Shkamoo mjomba, shkamoo mama mkubwa, mama Zai. Nimetoka zamu ya usiku hospitali ndo nasoma. Mjomba naomba unijibu maswali mawili matatu hapahapa na usinikasirikie

Mjomba Hamisi: Marahaba mwanangu. Uliza

Nuru: Unakula vizuri?

Mama Zai: Anakula!! ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese anamaliza sahani, baada ya saa moja anauliza kuna nini tena. Ndio kinachonishangaza, anakula hivyo na anakonda

Nuru: Macho je?

Mjomba Hamisi: Macho ni umri tu. Nilikuwa nashona nyavu juzi uzi haupiti kwenye sindano nikamwita Zai. Asubuhi naona vizuri, mchana kama kuna ukungu

Nuru: Na kile kidonda cha mguuni cha msumari wa mtumbwi, kimepona?

Mjomba Hamisi: Kinaendelea

Mama Zai: Kinaendelea nini, wiki ya nne hii kinatoa maji. Na kitu kingine nimekumbuka, pale pembeni ya mgomba anapokojoa akiona choo mbali, sisimizi wamejaa utadhani tumemwaga soda

Nuru: Mjomba hiyo ni sukari. Sijakupima kwahiyo siapi, ila kiu, mkojo wa usiku, kukonda huku unakula, macho kuchezacheza, kidonda kugoma kupona, ukinipa vyote hivyo kwa mtu mmoja mimi sifikirii jicho la mtu

Mjomba Hamisi: Sukari ni ya matajiri. Mimi na vitambi wapi na wapi

Mwl. Saidi: Hilo la matajiri tuliache Hamisi, hapa Buhigwe nawajua wakulima watatu wanayo na hawana hata baiskeli.

Nuru: Mjomba Mwalimu uko sahihi. Ngoja nieleze kwanini anaamka usiku maana watu wanadhani anakojoa sana kwa sababu anakunywa sana. Ni kinyume. Sukari kwenye damu ikipita kama 10 hivi figo zinashindwa kuirudisha yote, inamwagikia kwenye mkojo, na sukari haitoki peke yake inavuta maji ya mwili inatoka nayo. Ndo maana unakojoa lita na lita, mwili unakauka, ndo kiu inakuja. Na kukonda ni kwa sababu kile chakula kinazunguka kwenye damu lakini hakiingii kwenye nyama, mwili unaona njaa unaanza kujila wenyewe. Sasa mjomba hiyo kiu unaikata na nini?

Mjomba Hamisi: Maji. Na soda ya baridi mchana

Mama Zai: Tatu

Mjomba Hamisi: Mbili

Nuru: 🤦🏽‍♀️ Mjomba kuanzia sasa maji tu. Kesho nakuja Ujiji na mashine

Mama Mkubwa: Mpeni mwarobaini kwanza, maji ya majani asubuhi na jioni, sukari ni tamu na ule ni mchungu si zinakutana huko

Nuru: Mama mkubwa naomba tupime kwanza. Kila mtu humu ana maelezo yake, kazi, umri, jicho, mimi nataka namba tu

*Jumamosi*

Juma Boda: Jmn nipo hapa kwa mjomba ni sinema 😂 Nuru kaja na kimashine watu wote wa nyumbani wamepanga foleni

Nuru: Mjomba kasema niandike mwenyewe. Ni 17.2. Amekunywa chai saa tatu hivi, tumepima saa sita mchana. Mtu akiwa na dalili kama zake, damu iliyotolewa muda wowote ule ikifika 11.1 na kuendelea hiyo ni kisukari, hata kama alikuwa amekula

Mjomba Hamisi: Ni ile chai. Mama Zai alitia vijiko vinne

Nuru: Mjomba mimi pia nimekunywa chai hiyohiyo nina 5.9

Juma Boda: Kuna msiba mwingine, mama Zai ana 21.6!!! Amekaa chini analia anasema nani atawalea watoto

Mama Mkubwa: Yarabi. Wote wawili??

Mwl. Saidi: Nuru hakikisha mashine, si kawaida.

Nuru: Subirini jamani msilie. Mama Zai alikuwa anamenya embe ndo akaja kunipa kidole 😂 yaani nimepima sukari ya embe. Kosa langu, nilifuta na pamba haraka. Ameosha mikono na sabuni, amekausha, tumerudia kidole kingine: 6.2 na amekula muda si mrefu. Mzima kabisa

Juma Boda: Embe za Livingstone zina balaa tangu 1871 😂😂

Mama Zai: Mnacheka. Nimeona kaburi langu

Nuru: Sasa mjomba kesho usiku ukila saa mbili ndo basi, mpaka Jumatatu asubuhi tunaenda maabara ya hospitali ya Maweni wanatoa damu ya mshipa, hiki kimashine cha kidole kinakonyeza tu, maabara ndo inathibitisha. Masaa nane tumbo tupu. Si kama swaumu, maji matupu unakunywa, ila chai hata ya kavu hapana

Mjomba Hamisi: Na ikiwa ngapi ndio salama

Nuru: Asubuhi hujala, chini ya 6.1 hakuna neno. 6.1 mpaka 6.9 uko mpakani, 7 na kuendelea ndo yenyewe. Na mtu asiye na dalili yoyote akipata 7 anarudia siku nyingine, haandikiwi ugonjwa kwa kipimo kimoja

*Jumamosi usiku, saa 3:40*

Sada Kasulu: Nuru samahani nimesoma zile za mjomba toka jana nikaona aibu kuuliza. Ibra amerudia kukojoa kitandani, ana miaka saba na aliacha kabisa toka ana mitatu. Nimemchapa jana Mungu anisamehe. Anakunywa maji hata ya ndoo ya kuoshea vyombo. Amekonda mbavu zinaonekana nikajua minyoo nikampa dawa. Leo ametapika mara tatu tukaenda duka la dawa wakasema malaria

Nuru: Anapumuaje? Harakaharaka?

Sada Kasulu: Ndio kama aliyekimbia. Na mdomo unanukia kama ndizi zilizoiva sana, nilidhani amekula kitu

Nuru: Dada Sada amka sasa hivi mbebe mpeleke hospitali. Sio kesho. Ukifika usiseme homa wala malaria, mwambie daktari MPIMENI SUKARI, sema hayo maneno. Watoto inawajia kwa wiki chache tu na ikifika kwenye kutapika na kuhema hivyo ni masaa, sio siku. Nakupigia pokea

Mwl. Saidi: Sada nimetuma nauli, mchukue bodaboda yoyote.

Mama Mkubwa: Nimeshika tasbihi. Andikeni chochote jamani

Sada Kasulu *(saa 5:15)*: Wamepima. Mashine haikutoa namba imeandika HI, nikadhani inasalimia. Nesi akaanza kukimbia

Nuru: Hiyo HI ni kwamba imepita mwisho wa mashine, nyingi ni zaidi ya 33. Wamemuwekea dripu?

Sada Kasulu: Dripu na insulini. Wamenitoa nje kidogo

*Jumatatu*

Sada Kasulu: Mwakeye. Ibra ameamka jana jioni ameniomba uji, leo anauliza baiskeli yake iko wapi. Nimelia mpaka nesi kanifukuza

Mama Mkubwa: Alhamdulillah. Ni yale mabiskuti Sada, nilisema

Nuru: Hapana mama mkubwa usimtwishe huyo mzigo. Hii ya Ibra haitokani na biskuti. Kinga ya mwili yenyewe imekosea imeshambulia sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini, ile inayoingiza sukari kwenye nyama, imekwisha. Kwahiyo vidonge havimfai, ni sindano kila siku. Ya mjomba ni nyingine, yake insulini ipo ila mwili hauitikii vizuri

Mwl. Saidi: Nawapa historia fupi mnisamehe. Dawa hiyo ya Ibra ilipatikana Toronto 1921, na wa kwanza kuchomwa alikuwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, Januari 1922. Kabla ya hapo mtoto wa namna hii alikuwa wa kufa tu. Ile siku ya kisukari ya 14 Novemba mnayoisikia redioni ni siku aliyozaliwa Banting, mmoja wa walioigundua.

Juma Boda: Mwalimu hastaafu huyu

Mjomba Hamisi: Na mimi majibu. 11.4 sijala kitu. Nimepewa vidonge vya metofomini, kidonda kimesafishwa, kadi ya kliniki ninayo. Daktari kaniangalia miguu mpaka katikati ya vidole utadhani anatafuta dagaa. Dada Mama Mkubwa waambie wa Kibirizi ni sukari, sio miwaya

Mama Mkubwa: Nitawaambia kwa sauti. Na mwarobaini?

Mjomba Hamisi: Kanywe wewe dada 😂

*Jumatano*

Sada Kasulu: Kesho tunaruhusiwa. Nuru swali, wamenipa chupa za insulini wanasema zikae kwenye friji na sisi huku hata umeme hatujavuta. Jirani mwenye friji ni yule tuliyegombana mpaka wa shamba

Nuru: Hii wanafundisha hata kliniki. Chungu kikubwa cha udongo, ndani yake kingine kidogo, katikati mchanga unamwagia maji asubuhi na jioni, chupa unaziweka kwenye kile kidogo ndani ya mfuko mkavu zisilowe. Unafunika na kitambaa kibichi, unaweka kivulini panapopita upepo. Isipigwe jua na usiiweke karibu na jiko. Ila hakitafika baridi ya friji, kwahiyo chukua za mwezi mmoja tu, zilizobaki omba hospitali wakutunzie

Mama Mkubwa: Mitungi ninayo miwili ya marehemu bibi yenu, haina ufa. Mkubwa na mdogo unaoingia ndani yake, nimejaribu sasa hivi. Juma uko wapi uje uipeleke stendi kabla basi la Kasulu halijatoka, na uje na gunia, ukiivunja usirudi Ujiji

Juma Boda: Nashusha abiria Mwanga nakuja. Dakika kumi