Benki na maofisi, acheni kutuambia "muwe makini" wakati imeili zenu zenyewe zimekaa kitapeli

Wakuu, hili limenikaa kooni, leo nalitoa.

Mama mmoja tunayepakana naye duka hapa Kariakoo kalizwa dola 9,600. Si kwa ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", huo anaufuta bila hata kuumaliza. Kalizwa kwa imeili. Na kilichonipandisha hasira si tapeli, tapeli kazi yake naijua. Ni jibu alilopewa kaunta benki: "Mama, ulipaswa kuwa makini." Kijana wa juzi, tai shingoni, anamwambia hivyo mtu aliyeanza kuuza mabegi wakati yeye bado anabebwa mgongoni.

Mimi natunza vitabu vya duka la jirani yake, kwa hiyo niliitwa nikae naye tuzisome zile imeili moja moja. Nawaeleza mchezo ulivyokwenda, maana humu wapo wengi wanaoagiza mzigo nje.

Mama anaagiza Yiwu, China. Muuzaji wake ni yule yule wa miaka yote, na kama wauzaji wengi wa kule anatumia anwani ya bure ya 163.com. Anatumiwa profoma (ankara ya awali), analipa asilimia 30 kazi ianze, salio analimaliza kabla kontena halijapakiwa. Safari hii asilimia 30 ilifika salama. Ikaja imeili ya salio: juu ina jina la muuzaji, chini ina mazungumzo yao yote ya nyuma, namba ya oda ndiyo yenyewe, kiasi ndicho chenyewe, mhuri mwekundu wa kampuni ni ule ule. Kilichobadilika ni akaunti tu. Ya zamani eti inafanyiwa ukaguzi wa kodi, alipe kwenye hii mpya ya Hong Kong, na akilipa kabla ya Ijumaa anapunguziwa kidogo kwenye usafirishaji. Wafanyabiashara wa China wenye akaunti Hong Kong wapo wengi tu, halali kabisa, kwa hiyo hapo hapakuwa na cha kumshtua.

Tulipogusa jina la mtumaji ndipo anwani ikafunguka yote. Kampuni ya yule Mchina ina herufi l mbili katikati ya jina. Ile anwani ilikuwa na l moja. Basi, hiyo tu. Na kwenye simu huioni anwani, unaona jina mpaka uliguse. Nani kati yenu huligusa kwa mtu anayeandikiana naye kila mwezi?

Mkiuliza tapeli kapata wapi oda na mhuri, majibu tuliyakuta kwenye mipangilio ya boksi la imeili la mama mwenyewe. Kulikuwa na kanuni ambayo hakuiweka yeye: kila imeili inayotaja malipo inakwenda nakala kwenye anwani ya mtu wa nje, na za muuzaji halisi zinasukumwa kwenye folda ambayo hakuna anayeifungua. Mtu alikuwa mle ndani muda mrefu, kimya, kama mpangaji wa chumba cha pili aliyeweka sikio ukutani. Hakuiba kitu. Alingoja siku ya salio. Mama alikuja kujua pale Mchina alipomwandikia WeChat, ile WhatsApp ya Wachina: rafiki, salio lini, kontena linasubiri.

Najua wapo watakaokuja hapa kuandika "mbuzi kwenye gunia" na vicheko. Basi wachekeni na Google na Facebook. Kuna Mlithuania anaitwa Evaldas Rimasauskas, alisajili kampuni Latvia akaipa jina sawa na Quanta Computer ya Taiwan, inayowauzia hao wakubwa vifaa, akawa anawatumia ankara kwa imeili. Kati ya 2013 na 2015 wakamlipa zaidi ya dola milioni 100. Watu wenye jengo zima la wahasibu na wanasheria! Alihukumiwa New York mwaka 2019, miaka 5. Na yule Mnigeria Hushpuppi mliyekuwa mnampigia makofi Instagram kwa magari ya Dubai, sehemu ya fedha zake ilitoka kwenye mchezo huu huu. Alikamatwa Juni 2020, na Novemba 2022 mahakama ya Marekani ikampa miaka 11 na ushee. FBI wanasema kwa 2023 peke yake walipokea malalamiko ya hasara ya karibu dola bilioni 2.9 za wizi wa imeili za biashara. Kwa hiyo neno "uzembe" liwekeni pembeni kwanza.

Sasa nirudi kwa hawa wenye tai.

Nikimtumia fundi bomba elfu kumi kwa simu, kabla sijaweka namba ya siri naletewa jina lake kwenye kioo. Jina likiwa geni, naghairi. Elfu kumi hiyo! Mama katuma dola 9,600, kajaza fomu, kaandika jina la kampuni ya Yiwu, kumbe akaunti ile ni ya watu wengine kabisa wenye jina lao. Pesa imepita, imeingia, imelala. Namba ndiyo iliyofuatwa, jina lilikuwa pambo la kwenye fomu. Lakini ada ya kutuma ilikatwa bila kusahau hata senti. Kama jina halilinganishwi na chochote, mnatuandikisha la nini?

Alivyogundua Jumatatu alikwenda asubuhi hiyo hiyo. Akaambiwa alete barua. Kaleta barua, akaambiwa alete RB ya polisi. Kaleta RB, akaambiwa mhusika yuko kwenye kikao. Ombi la kurudisha fedha kupitia SWIFT, mtandao wa benki kuwasiliana kimataifa, likatumwa Jumatano. Wakuu, katika wizi huu kinachopiganiwa ni saa. Benki iliyotuma inaweza kupeleka ombi siku ile ile, karatasi zikafuata nyuma. Benki iliyopokea hailazimiki kukubali, na pesa ikishahamishwa kwenda akaunti ya tatu, mnaandikiana barua za heshima tu. Siku mbili za "lete hiki, lete kile" ndizo zilizomaliza habari, si ile herufi l.

Uingereza tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki zinalazimika kumrudishia mteja aliyedanganywa akatuma pesa, hadi pauni 85,000, na gharama wanagawana nusu kwa nusu benki iliyotuma na iliyopokea. Ni kwa malipo ya ndani ya nchi yao, najua, msinikimbilie. Lakini benki ikishajua hasara itaiuma na yenyewe, ghafla inagundua kwamba majina yanaweza kulinganishwa. Huku kwetu hasara yote ni ya mama, basi nani ajisumbue?

Halafu kichwa cha uzi kinakuja hapa. Mwezi uliopita nilipokea imeili: "Mpendwa Mteja", jina langu hakuna. Imetoka anwani isiyofanana na jina la benki hata kidogo. Ina linki iliyofupishwa, huoni inakokwenda. Inasema nisipohakiki taarifa ndani ya siku tatu akaunti itasimamishwa. Kila dalili ya utapeli imo, na sarufi mbovu juu. Nikapiga simu kuwaripotia. Jibu: "Hiyo ni yetu kaka, tumempa mkandarasi." Nguvu ziliniisha! Na ukiingia tawini bango limening'inia: USIBONYEZE LINKI USIYOIJUA. Sasa mnataka tubonyeze au tusibonyeze?

Na si benki peke yao. Wakala wa kutoa mizigo bandarini ana ofisi, ana leseni, ana gari limeandikwa jina la kampuni ubavuni, lakini imeili yake ni Yahoo, na wiki moja kabla ya meli anakwambia "ile akaunti ya ofisi ina shida kidogo, weka kwenye hii ya shemeji yangu." Na ni kweli! Ni ya shemeji yake kweli! Mteja akishazoea hayo miaka mitano, tapeli ana kazi gani tena? Mmeshamfanyia mafunzo bure. Ofisi nyingine barua ina nembo na anwani ya .go.tz juu, chini afisa kaandika kwa peni anwani yake ya Gmail, "tuma huku ndiyo naiona haraka." Waajiri nao wanataka vyeti, kitambulisho cha NIDA na picha kwenye anwani ya bure yenye tarakimu nne mwishoni. Ndiyo maana vijana wanaliwa elfu thelathini za "fomu ya Umoja wa Mataifa", wakati Umoja wa Mataifa wenyewe unasema hautozi ada hatua yoyote ya ajira. Kijana atatofautishaje, kama tangazo la kweli na la uongo yamevaa shati moja?

Wenye vitengo vya TEHAMA humu mnajua kuna mipangilio ya SPF, DKIM na DMARC inayomzuia mtu wa nje kutuma imeili kwa kujifanya domeini yako, yaani lile jina la ofisi linalokuja baada ya @. Haiuzwi, ni kukaa chini na kuiweka. Isingemwokoa mama, maana ile anwani yenye l moja tapeli aliifungua mwenyewe, hakuigiza domeini ya mtu, lakini ingeziba mlango mwingine mkubwa. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanaidai kwa wanaotuma imeili kwa wingi (Google wanahesabu kuanzia kama 5,000 kwa siku), la sivyo zinaweza kukataliwa. Zipo tovuti za bure za kukagua. Wekeni domeini ya ofisi yenu muone kama imewekwa, na kama imewekwa, ni kwa kiwango cha kuzuia au cha kutazama tu. Hicho cha kutazama hakizuii hata nzi.

Na ule ushauri wa "angalia makosa ya tahajia" ufutwe. Tapeli wa leo anaandika safi kuliko meneja wako.

Sisi dukani tumekubaliana na bosi: akaunti ikibadilika, hata kama barua imekuja na malaika, halipwi mtu mpaka tumepiga simu kwa namba tuliyokuwa nayo zamani, si ile iliyoandikwa kwenye imeili hiyo. Kwa Wachina ni video ya WeChat, aonyeshe uso na ataje akaunti kwa mdomo wake. Anwani inasomwa herufi kwa herufi. Linki ya benki hatugusi, tunaandika anwani wenyewe. Na haraka yoyote, punguzo la kabla ya Ijumaa, faini ya kesho, akaunti kufungwa, kwetu sasa ni sababu ya kuchelewesha.

Kwa meseji za simu tuna 15040, namba ya kuripotia za kitapeli, kila mtu anaijua. Kwa imeili kuna TZ-CERT, timu ya taifa ya kushughulikia matukio ya usalama mtandaoni, iliyo chini ya TCRA. Tembea mtaa wa Msimbazi mchana kutwa uulize nani amewahi kuisikia. Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015, nayo wengi wanaijua kwa kesi za waliotukana watu mtandaoni.

NYONGEZA: Naona mmeanza. Aliyeandika "angetumia akili tu", soma tena aya ya Rimasauskas. Aliyesema namchafua mtu, sijataja benki wala sitataja, mama bado ana akaunti pale.

Aliyeuliza kama kubadili pasiwedi kunatosha: hakutoshi mkuu. Ile kanuni ya kupeleka nakala inabaki hata ukibadili pasiwedi mara kumi. Ingia mipangilio, kagua vichujio na anwani za kupelekea nakala, futa usichokijua. Ondoa vifaa vyote vilivyoingia, weka uthibitisho wa hatua mbili, ndipo ubadili pasiwedi. Hakikisha pia namba ya simu ya kurudishia akaunti ni yako, siyo ya kijana wa steshenari aliyekufungulia hiyo imeili. Kisha mwambie muuzaji akague na la kwake, kwa sababu huenda mwizi aliingilia upande ule.

Na mwenye kujua benki yoyote hapa nchini iliyowahi kupeleka ombi la kurudisha fedha siku ile ile mteja alipolalamika, aje inbox. Mama anatafuta pa kuhamia.