Binti kapata leseni, nimwachie gari Jumamosi usiku?

Mama Binti:
Habari za leo wapendwa. Binti yangu ana miaka 18, amepata leseni juzi juzi. Gari analimudu, na kuegesha kinyumenyume ananishinda hata mimi. Sasa anaomba gari Jumamosi usiku, apitie rafiki zake watatu waende sherehe. Baba yake anasema mtoto kafaulu, aachiwe. Mimi moyo hautulii. Nikikaa pembeni yake nakanyaga breki isiyokuwepo, yeye anakasirika, tunarudi nyumbani tumenuniana. Nifanyeje?

Mwalimu wa Usukani:
Mama, usiupuuze moyo wako. Miezi ya mwanzo ya kuendesha bila msimamizi ndiyo yenye ajali nyingi zaidi, na giza na marafiki huzidisha. Safari hiyo ina vyote. New Zealand walianza leseni za hatua mwaka 1987: kijana akitoka kwenye kujifunza hapewi uhuru wote, bado ana masharti ya usiku na ya abiria. Kama kwenu sheria haidai hivyo, wekeni yenu nyumbani. Mchana kwanza, peke yake, njia anayoijua. Rafiki mmoja baadaye. Usiku wenye abiria uje mwisho.

Ninaowafundisha mikono inawahi kujua, macho ndiyo yanachelewa. Wanatazama mbele ya boneti tu. Kwa hiyo mwambie aendeshe huku anasema anachokiona: "Basi limesimama kushoto, mtu anaweza kuchomoza. Gari la tatu mbele limewasha taa za breki." Wewe nyamaza, sikiliza. Akipitwa na kitu, uliza mapema, "Pale kivukoni kuna nani?" Ukipiga kelele atakugeukia wewe, na barabara itabaki haina mwenyewe.

Kuhusu spidi, maneno hayasaidii. Tafuta uwanja mtupu, mpana, weka alama, afunge breki akiwa kwenye 20, halafu kwenye 40. Ashuke apime kwa hatua. Spidi ikiwa mara mbili, breki hudai kama mara nne ya umbali. Kisha mwambie kwamba kwenye 100 gari linakula karibu mita 28 kila sekunde, atazame simu akiweza! (Na wewe usimpigie ukijua yuko njiani. Wazazi tunalisahau hili.)

Dogo wa Gia:
Mama, shikamoo. Mimi nina miaka 20. Mzee wangu aliniambia nikichoka, au aliyenibeba akiwa amelewa, nipige simu saa yoyote, atakuja, na maswali ni kesho. Niliwahi kupiga. Alikuja na kanzu ya kulalia, hakusema neno. Ila mwambie na baba: hatuwezi kufungishwa mkanda na mtu anayeovateki kwenye kona.

Mama Binti:
Hilo la kona nimemsomea baba yake, amecheka kidogo halafu akanyamaza. Jumamosi nitawapeleka na kuwafuata mimi. Binti kanuna, lakini kesho asubuhi tunaenda uwanjani. Mwalimu, na mvua je?

Mwalimu wa Usukani:
Mara za kwanza awe na wewe. Gari la mbele likipita nguzo, ahesabu sekunde mpaka yeye afike hapo: barabara kavu zisipungue mbili, ikilowa ziwe nne. Na kabla ya kutoka kagueni matairi na vifuta maji.