Eti "hapo pana jina kweli?" Leo nimetukanwa mtaa mzima

Wakuu, naandika vidole vinatetemeka. Yule bwana, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Nimetaja ninapokaa, mbele ya kadamnasi, akakunja pua na kuuliza: "Hapo pana jina kweli?"

Pana jina kweli! Nimezaliwa hapo, nimezika wazazi hapo, hata mbwa wa usiku wananijua kwa nyayo. Yeye kahamia juzi, masanduku bado hajafungua, ananiuliza mimi kama pana jina! Na jina analijua, ila keshatubandikia lake la kidalali. Ugonjwa uleule wa madalali wa New York, 2017, walipotaka kusini mwa mtaa wa Harlem paitwe SoHa. Wenyeji waliwaka, na mimi nawaka.

Halafu watu wakacheka. Hapo ndipo aliponimaliza. Nimerudi kwa miguu nikisoma vibao kimoja kimoja. Jina lipo! Pana jina kweli, mtu mzima anauliza hivyo!

Mpita Njia: Pole mkuu. Ila uzi mzima hujautaja huo mtaa. Pana jina kweli?

Mleta uzi: Usilirudie hilo swali.

Kona Moja: Huyo huyo aliniambia mimi si wa mjini kwa kuwa nakaa ng'ambo ya mto. Brooklyn ya New York nayo iko ng'ambo, na ilikuwa mji unaojitegemea mpaka 1898. Wa ng'ambo tuna kwetu!

Mama Mapacha: Afadhali nyie. Mimi nakaa mpakani. Wa kulia wa barabara wananiita wa kushoto, wa kushoto wananiita wa kulia. Kwenye misiba nahesabiwa mgeni kote kote.

Mzee Ramani: Mipaka haina mwisho. Chicago wasomi waliigawa tangu miaka ya 1920, leo ni maeneo 77, na majina ya mitaa wanayotumia watu hayafuati yote mistari hiyo.

Mama Mapacha: Sasa mzee, mimi niko upande gani?

Mpita Njia: Barabara yenye mteremko? Hapo ni kwetu.

Kona Moja: Kwenu tangu lini? Kwenu kunaishia kwenye daraja.

Mpita Njia: Daraja lipi, la zamani au jipya?

Mleta uzi: Jamani, tulikuwa kwa yule bwana.

Kona Moja: Subiri kwanza. La zamani.