SWR ni nzuri mezani, lakini boti hazitusikii: je, analaiza inasema kweli?

bahari_tanga
Habari za kazi, wadau. Ofisini kwetu Tanga tunatumia redio upepo ya baharini ya wati 25, ambayo antena yake iko juu ya mlingoti na kebo yake, RG-58 (aina nyembamba ya kebo ya antena) ya takribani mita 30, inashuka hadi mezani. Boti zikishakwenda mbali kidogo hazitusikii. Tumeazima NanoVNA, analaiza ndogo ya kupimia antena na kebo, tukaiunganisha na kompyuta mpakato kwa USB na kuiendesha kwa programu ya NanoVNA-Saver. Kwenye megahezi 156.8, yaani chaneli ya 16, SWR (kipimo cha mawimbi yanayorudishwa na antena, ambapo 1 ndiyo bora kabisa) ni 1.4. Kinachonitatiza zaidi ni kwamba nilipopima urefu wa kebo kwa TDR (njia ya kupima umbali kwa mwangwi wa mawimbi ndani ya kebo), kuanzia megahezi 1 hadi 900, programu ilionyesha mita 8. Je, kifaa hiki ni kibovu?

mkongwe_wa_redio
SWR ya 1.4 haina tatizo lolote. Kagua nguvu inayotoka kwenye redio yenyewe.

fundi_masafa
Ndugu muulizaji, kwa heshima ya mkongwe hapo juu, mimi nisingeigusa redio kwanza. RG-58 ya mita 30 kwenye masafa hayo hupoteza takribani desibeli 6 (yaani hubaki robo tu ya nguvu), na mawimbi yanayorudishwa na antena hupita kwenye kebo hiyo mara mbili, kupanda na kushuka, kwa hiyo yanafika kwenye kifaa yakiwa yamepungua desibeli 12. Hata ukiing'oa antena kabisa na kuacha ncha ya juu wazi, mezani utasoma SWR ya karibu 1.7, namba ambayo wengi wangeifurahia! Hiyo 1.4 yako ukiipigia hesabu hadi juu inakuwa karibu 5. Kati ya wati 25, zinazofika kwenye antena ni kama 6, na karibu nusu ya hizo zinakataliwa.

Kuhusu mita 8, kifaa hakina kosa. Pointi 101 za kupimia zikitandazwa kwenye megahezi 900, kwa kebo ambayo mawimbi husafiri kwa asilimia 66 ya mwendo wa mwanga, TDR inaweza kuona mita 11 tu. Urefu unaozidi hapo hujikunja na kuanza kuhesabiwa upya, na 30 ukitoa 11 mara mbili unabaki na 8. Pima hadi megahezi 200 tu, au ongeza idadi ya vipande vya masafa katika mpangilio wa programu, kisha uchague aina ya kebo yako kwenye dirisha la TDR.

kebo_nyeusi
Naongezea mambo ya vitendo. Fanya kalibresheni (kukirekebisha kifaa kabla ya kupima) kwa vipande vyote vitatu, yaani wazi, fupi na mzigo wa omu 50, pale pale antena itakapofungwa, na uirudie kila ubadilishapo masafa ya kupimia. Kompyuta itumie betri, kwa sababu ikichomekwa kwenye umeme wa ukutani, waya wa ardhi huwa sehemu ya mfumo wa antena. Kisha shika kebo kwa mkono huku ukitazama mchoro: ukiona mstari unahama, ujue kuna mkondo unaotembea nje ya ngao ya kebo, yaani wavu wa waya unaouzunguka waya wa kati. Redio nyingine zilizo karibu zizimwe kabla hujaunganisha chochote, maana mlango wa kifaa hiki huungua kwa urahisi mno.

bahari_tanga
Nashukuru sana. Tulipoifungua antena, SWR mezani ilipanda hadi 1.7 tu, kama ulivyosema. Tulipopima juu kwa kipande kifupi cha kebo tukapata 4.8. Konekta iliyo chini ya antena ilikuwa na maji ndani, na nyuzi za ngao zilikuwa za kijani kwa kutu ya shaba. Baada ya kuibadilisha, juu tunasoma 1.3, na TDR ya hadi megahezi 200 inaonyesha mita 30 na kitu. Je, kebo iliyobaki tuiache?

fundi_masafa
Ngao ikishanyonya maji ya chumvi, hasara huongezeka kimyakimya. Rudieni kipimo cha ncha wazi na mgawe kwa mbili hasara ya mrejesho inayoonekana (desibeli ambazo mawimbi yaliyorudi yamepungua); ikizidi desibeli 6, kebo hiyo iondoeni. Hata ikiwa nzima, RG-213, kebo nene zaidi, ya urefu huo hupoteza chini ya desibeli 3, yaani wati zitakazofika juu zitakuwa kama maradufu. Konekta za PL-259, zile za kawaida za kufungia kebo kwenye antena, hazizuii maji, kwa hiyo mzizungushie utepe wa mpira unaojishika wenyewe, mkianzia chini kwenda juu.