Lile kanisa la Euston Road lenye sanamu za wanawake ni la Waanglikana kweli?

Mtembezi_UK: Wakuu salaam. Mnaokaa London au mliowahi kupita pale Euston, kuna kanisa linaitwa St Pancras, mbele lina nguzo sita kubwa kama hekalu la Wagiriki, halafu ubavuni kuna wanawake wanne wa mawe wamebeba paa kichwani, ukizunguka upande wa pili unakuta wengine wanne. Kibao kinasema ni parishi ya Anglikana. Mi nimezoea makanisa yetu kama lile la Mkunazini Unguja, madirisha yana ncha juu. Hili imekuwaje?

Fundi_Ramani: Ni la Waanglikana mkuu, tena toka siku ya kwanza. Jiwe la msingi liliwekwa 1819, likawekwa wakfu 1822. Wasanifu ni baba na mwana, William Inwood na Henry William Inwood. Miaka hiyo London nzima ilikuwa imeshikwa na mambo ya Ugiriki maana 1816 serikali ilinunua zile sanamu Lord Elgin alizotoa Athens ikaziweka British Museum, na huyu kijana Inwood akafunga safari mpaka Athens kwenyewe wakati ujenzi umeshaanza, akapima majengo. Kwa hiyo nguzo za mbele na wale wanawake vimetoka kwenye hekalu la Erechtheion, na mnara umeiga Mnara wa Upepo, hukohuko Athens. Ila mpangilio wa nguzo mbele na mnara nyuma yake juu ya paa ni wa Kiingereza, msanifu James Gibbs alishaufanya kwenye kanisa la St Martin-in-the-Fields, London, miaka ya 1720. Ndo maana mi nalipenda sana, limevaa Kigiriki ila ni kanisa la London.

Halafu wale wanawake sio mawe. Ni udongo wa kuchoma, umejengwa vipande vipande kuzunguka nguzo ya chuma, kazi ya mchongaji Rossi. Inasimuliwa walifika wakiwa warefu kupita nafasi ikabidi wakatwe kipande cha katikati.

Binti_Tanga: Pesa ilitoka wapi jamani, maana hilo sio jengo la sadaka za Jumapili

Fundi_Ramani: Paundi 76,679 dada, kwa hela ya wakati ule! Inasemekana London haikuwa imejenga kanisa ghali hivyo tangu kanisa kuu la St Paul's. Kanisa la zamani la St Pancras lilikuwa dogo na watu wamehamia kwa wingi huku kusini, hili jipya likajengwa kuchukua watu 2,500.

Mtembezi_UK: Asante sana mkuu. Na ile mitungi na mienge wameshika ya nini?

Mzee_wa_Kwaya: Wanalinda makaburi mwanangu. Chini ya kanisa walizikwa watu mpaka 1854, na milango ya kushukia iko hapo kwenye sanamu, ndo maana mienge imezimwa na mitungi ni mitupu. Siku hizi huko chini wanafanya maonyesho ya sanaa. Ukitoka hapo tembea mpaka British Museum, sio mbali, yupo mmoja wa wale wanawake wa Athens, yule halisi. Mwangalie mikunjo ya nguo yake.